Niliwaita Wasiokamua

Marahaba, wanangu. Nasikia huko mnakosoma mnafundishwa somo linaloitwa ujasiriamali wa kijamii, na kwamba mtu akilijua vizuri anapewa shahada na kuvishwa joho. Wakati wetu jambo hilo lilikuwepo, ila halikuwa na jina zuri namna hiyo. Ofisini tuliliita usumbufu. Mtu akija na biashara yake inayotaka kusaidia kijiji, na papo hapo anataka mkoa ubadilishe utaratibu wake, tulimwambia aje Jumatatu. Jumatatu tulimwambia mhusika yuko safari. Mara nyingi mhusika huyo nilikuwa mimi, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kunywa chai nyuma ya jengo.

Nilikuwa afisa ushirika hapa Moshi mpaka nilipostaafu. Ninyi mnaoanza kazi mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Mengi nilijifunza kwa kuharibu kwanza, na uharibifu wangu mkubwa kuliko wote niliufanya kijijini kwetu, mbele ya watu walioniona nikitambaa. Basi nawaandikia huo, mengine mtayaokota njiani.

Ofisi yetu ilipewa msaada wa tangi la kupozea maziwa. Lilikuwa kubwa, jeupe, linang'aa hata siku ya mawingu. Nilipigana kufa na kupona lipelekwe kwetu, Machame ya juu, na nikashinda. Nisijitie utakatifu, sikusukumwa na uzalendo peke yake. Nilitaka siku ya uzinduzi mama yangu anione nimesimama kando ya kitu kinachong'aa, nimevaa suti. Suti ilikuwa ya kuazima, lakini kwa mbali haijulikani.

Niliandika tangazo likasomwa kanisani baada ya ibada: wakuu wa kaya wote wakutane ukumbini siku ya Alhamisi, kuna mradi wa maziwa. Ndivyo masharti yetu yalivyotaka. Mwanachama wa ushirika ni mkuu wa kaya mwenye kihamba, yaani mwenye lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Alhamisi ukumbi ukajaa pomoni. Wanaume watupu, kofia magotini. Nikawaeleza faida za tangi, wakanipigia makofi. Nikauliza nani yuko tayari kuleta maziwa, mikono yote ikanyanyuka, hata ya mzee mmoja ambaye nilijua hana ng'ombe wala mbuzi. Tukachagua kamati. Mwenyekiti akawa jirani yetu, Mzee Ndekirwa, mtu wa sauti nzito ambaye akisema "naunga mkono" unajisikia umeokoka. Kisha tukakaa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na mimi nikarudi mjini nikiwa nimeshaandika taarifa ya mafanikio kichwani.

Walio wazaliwa wa mlimani hapa wameshaanza kucheka. Ninyi wengine ngoja niwaeleze. Kwetu, tangu enzi za mababu, kahawa ni ya baba. Ndizi na maziwa ni vya mama. Ng'ombe anaweza kuwa wa baba, zizi la baba, hata kamba ya baba, lakini maziwa yakishakamuliwa baba hana neno. Akitaka kunywa anaomba, na akiomba vibaya anakunywa maji. Hili si fumbo. Kila mtoto aliyelelewa kihambani analijua kabla hajajua kuvaa viatu. Mimi nililelewa humo humo. Halafu nikakua, nikasoma, nikapewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka, nikaita mkutano wa kuuza maziwa na kuwaalika watu ambao hawajawahi kukamua hata mbuzi.

Asubuhi ya kwanza nilifika mapema, kipimo cha maziwa kikiwa mfukoni mwa koti. Tangi lilikuwa limewekwa kando ya barabara kuu ili wakubwa wakipita kwa gari walione. Nilisubiri. Jua likapanda, hakuna mtu. Mwishowe akatokea mwenyekiti, Mzee Ndekirwa, amekumbatia chupa ya chai. Akaifungua kwa uangalifu. Ndani kulikuwa na maziwa nusu chupa, na yalinukia tangawizi.

"Afisa," akasema, "ndiyo mwanzo."

Nyuma yake alikuwa anakuja mkewe, mikono imejaa utomvu wa migomba aliyokuwa anawakatia ng'ombe. Alinisalimu vizuri sana, akaniuliza habari za mjini na watoto, kisha akachukua ile chupa mikononi mwa mumewe.

"Haya ni ya uji wa mjukuu," akasema, akaondoka nayo.

Mwenyekiti na mimi tukabaki tunatazama tangi. Nilipaswa kuelewa saa ileile. Badala yake nilirudi ofisini nikaandika kwamba mradi unakwamishwa na uelewa mdogo wa wananchi, na nikapendekeza semina. Semina ikafanyika. Niliwafundisha wanaume walewale umuhimu wa maziwa kwa afya ya binadamu. Walinisikiliza kwa adabu, wakala nyama na mtori, na mmoja akaniambia nimezungumza vizuri, ila kama nataka maziwa kwa nini nisiende kuomba kwa mama yangu. Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka pia, kwa sauti kuliko wote, bila kujua wanachocheka.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mkumbo, mtu wa Singida, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani akitaka kukwambia jambo baya. Ndiye aliyenilea kazini. Alinifundisha nisiende mkutanoni na kalamu moja, na nisiahidi kitu nikiwa nimeshiba. Siku moja akaniita, akavua miwani.

"Elisante, mkoa umeamua. Masika yakiisha tangi bado tupu, linahamishiwa wilaya nyingine. Halafu watauliza nani alisema lije huku."

Yeye alikuwa na kisingizio cha kutojua mila zetu, katoka mbali. Mimi nilizaliwa hatua chache kutoka zizini.

Hapo ndipo alipoingia Ndeshi. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, ameolewa kijijini kwetu. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa ghala katika duka la jumla la familia moja ya Kihindi hapa mjini, wauzaji wa siagi na mtindi, na huko ndiko alikojulia biashara ya maziwa toka kukamua mpaka mezani. Aliporudi kijijini alifungua kampuni yake. Alinunua maziwa kwa kina mama, akayapeleka mjini kwa pikipiki, na faida hakuila yote. Sehemu ilimlipa daktari wa mifugo ambaye alimtibia bure ng'ombe wa kila mama aliyeleta maziwa, hata aliyeleta kikombe. Alikuja ofisini Jumatatu. Sikuwahi kutoroka.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba, dada. Mhusika yuko..."

"Najua mhusika ni wewe. Nimekuja kuomba tangi. Kina mama wameongezeka, maziwa ya jioni yananiharibikia. Nisipopata pa kuyapozea itabidi niwakatae wa mbali na wenye kidogo. Hao ndio niliowaanzishia kazi hii."

Nikamweleza kwamba tangi ni la ushirika, kampuni haiwezi kupewa, na ushirika ni wa wakuu wa kaya. Nilimweleza kwa kirefu, kwa vifungu. Akasubiri nimalize.

"Afisa, kwenu ng'ombe ni wa nani?"

"Alikuwa wa marehemu baba."

"Na maziwa?"

Nakumbuka nilijifanya natafuta kalamu, na nilikuwa nazo mbili.

Kesho yake nilipanda naye kijijini. Hakunipitisha barabara kuu. Alinishusha kwenye kijia cha chini ya kanisa, kile wanachopita kina mama wakitoka kukata majani, pembeni ya mfereji wa maji ya mlimani. Kando ya mfereji kulikuwa na keni za maziwa zimetumbukizwa majini mpaka shingoni, maji baridi yakizipitia, kila moja imefungwa kamba ya mgomba isisombwe. Ndivyo alivyokuwa akiyaokoa maziwa ya jioni, yale yaliyookoka. Kina mama walikuwa wamekaa wakipiga soga. Mmoja wao, mwenye kanga ya kijani, alikuwa mama yangu.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nauza maziwa. Wewe unafanya nini?"

"Mbona hukuja kwenye mkutano wangu?"

"Uliita wakuu wa kaya," akasema. "Nilidhani umeenda mwenyewe."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Baba alipofariki, kwa masharti yetu, mkuu wa kaya ya mama yangu nilikuwa mimi, mwana wa kiume, niliyekuwa nakaa mjini na sijui hata ng'ombe wake anaitwaje. Yaani nilijialika, nikajihutubia na kujipigia makofi. Mama alikuwa amelisikia tangazo kanisani na kuona halimhusu, akaenda zake kukamua.

Nikitoka kidogo kwenye njia, niwaachie ufundi, kwa sababu taarifa zinaoza lakini maziwa yanaoza haraka zaidi. Keni ikifika, nusa kifuniko kabla ya kunusa maziwa. Kifuniko hakidanganyi. Kataa dumu la plastiki hata kama limeletwa na mkubwa wa wilaya, kwa sababu mkono hauingii kulisugua ndani, na uchachu unajificha shingoni. Na usipime maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi. Yakiwa ya moto kipimo kinazama, na yataonekana yametiwa maji. Mimi nilifanya hivyo siku yangu ya kwanza pale mferejini, nikitaka kuonyesha utaalamu, nikamwambia mama mmoja mbele ya wenzake kwamba maziwa yake yana maji. Alikuwa mke wa mchungaji. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya kushuhudia uongo, na sikuona haja ya kuuliza yanamhusu nani.

Sasa turudi kwenye tangi. Nilimweleza Mzee Mkumbo niliyoyaona. Alinisikiliza, akavua miwani, akairudisha, akavua tena. Akasema masharti ni masharti, ila kabla tangi halijaondoka yuko tayari kupanda mwenyewe na kusikia wanakijiji. Niite mkutano mmoja wa mwisho.

Niliandika tangazo nikampelekea Ndeshi alisome. Nilikuwa nimeandika "wakuu wa kaya na wake zao". Nilijiona mwanamapinduzi.

"Futa," akasema. "Ukiwaita hivyo, mume atasema mke abaki na watoto. Ita wenye maziwa."

"Nani atajua ni nani?"

"Wao watajua. Sema kila anayekamua kwa mikono yake aje. Basi."

Likasomwa kanisani vilevile. Nilikaa kiti cha nyuma nikisikia minong'ono, na nilikuwa naogopa, siwafichi. Kama ukumbi ungekuwa mtupu, tangi linaondoka, na Ndeshi anaanza kuchagua nani wa kumkataa. Wa kwanza kukataliwa angekuwa aliyeleta kidogo, na mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja, mzee.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa kanga. Walikuja na majani vichwani, wakayapanga nje ukutani kama watu wanaoacha fimbo. Wanaume walikuwepo wachache: mjane mmoja wa kiume aliyejikamulia tangu mkewe afariki, kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia bibi yake, na Mzee Ndekirwa, aliyekuja kwa cheo chake cha uenyekiti. Mzee Mkumbo alitazama huku na huku.

"Wakuu wa kaya wako wapi?" akauliza.

"Wako nyumbani, wanachunga chungu kisiungue," akajibu mke wa Mzee Ndekirwa. Mumewe akacheka kwanza, na kucheka kwake kukaturuhusu sisi wengine.

Mzee Mkumbo akauliza kwa upole, kama kawaida yake: kama masharti yangebadilishwa, anayekamua ndiye awe mwanachama, na kampuni ya Ndeshi iendeshe tangi na kununua maziwa, wangekubali kuwa chini ya ofisi yetu? Nilitegemea makofi. Nilikuwa nimezoea makofi ya ukumbi ule. Wakamgeukia Ndeshi. Ndeshi akasimama.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba mtupishe kidogo tuzungumze."

"Mimi?" akauliza Mzee Mkumbo.

"Wewe, na afisa, na mwenyekiti."

Tukatoka. Mkoa mzima, kwa maana ya mimi na Mzee Mkumbo, tukasimama nje kwenye manyunyu pamoja na Mzee Ndekirwa, tukisikia Kichagga na vicheko ndani. Mzee Mkumbo hakujua Kichagga, akanitaka nimtafsirie. Nikasikia vizuri kabisa wanavyojadili kama ofisi yetu inaaminika, na mmoja akiuliza kama yule wa kipimo naye atakuwepo. Nikamwambia mkuu wangu kwamba wanajadili hali ya hewa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika kazi kuelewa kwamba mtu anaweza kuletewa ushirika akaukataa, na akawa na haki. Mpaka siku ile nilidhani swali ni kama wananchi wako tayari kutupokea.

Ndeshi akatoka. "Wamekubali," akasema. "Ila kwa masharti mawili. Kila keni iwe na jina la mwenyewe, na malipo apewe mwenyewe mkononi. La pili, tangi lihame."

Nikamkatiza. "Lihame wapi?"

"Kwenye kijia, chini ya kanisa. Huko barabarani mnapita ninyi."

Niseme yaliyofuata, kwa kuwa ndiyo mnayosomea. Mzee Mkumbo alikwenda kupigania neno moja, "anayekamua", lisimame badala ya "mkuu wa kaya" kwa ajili ya kijiji kimoja, kwa majaribio. Majaribio yakawa mazoea. Vijiji vya jirani vikadai neno hilo hilo. Halafu uvumi ukashuka mlima mpaka tambarare, na kina mama wa Mabogini wanaopandikiza mpunga wakaja kutuuliza kwa nini chama cha umwagiliaji kinawajua waume zao tu, wakati wao ndio wanaoshinda kwenye maji. Hapo hatukuwa na pa kujificha. Tukaulizwa na mkoa ni afisa gani mwenye busara aliyeyaanzisha haya. Nilitaja jina la Ndeshi, lakini kwenye taarifa likaandikwa "kwa juhudi za ofisi". Nami, kwa unyenyekevu mkubwa, niliitwa kwenye warsha tatu kueleza juhudi hizo, na nikalipwa posho. Mkimwona Ndeshi msimwambie kwamba mmesikia kwangu. Anajua, na ananitania nalo mpaka leo.

Siku ya kulihamisha tangi, wanaume wa ule mkutano wangu wa kwanza ndio waliokuja kubeba. Ilikuwa haki yao, waliliunga mkono. Tulilivuta kwa kamba na magogo ya mgomba chini yake, tukateleza kwenye tope, tukamkanyaga Mzee Mkumbo ambaye alikataa kubaki nyuma. Wanawake walitutazama kutoka juu na kutuelekeza, kila mmoja upande wake. Lilipokaa mahali pake, Ndeshi alinipa kopo la rangi nyekundu na brashi, akasema nina mwandiko mzuri wa ofisini, niandike majina kwenye keni.

Nikakaa kwenye jiwe. Wakapanga foleni. Nikaandika Mama Upendo, nikaandika Mama Godlisten, nikaandika Mama Happy, kwa sababu ndivyo nilivyowajua tangu utoto, na hakuna aliyenikataza. Ikafika zamu ya mama yangu. Keni yake ilikuwa ya zamani, imebonyea ubavuni. Nikaanza kuandika bila kumtazama. Nilikuwa nimefika "Mama Elisa" aliponigusa bega.

"Hilo ni jina lako," akasema.

Nikanyanyua uso.

"Mimi naitwa Aikaeli."

Sijui kama mtanielewa. Nililijua jina hilo. Lipo kwenye cheti chake cha ubatizo. Lakini sikumbuki kama niliwahi kulitamka, wala kumsikia mtu akilitamka mbele yake, baba akiwa hai au amekufa. Nilikuwa afisa wa watu wengi na nilikuwa nataka kuandika jina langu kwenye maziwa ya mama yangu. Nililia pale pale kwenye jiwe, nikasingizia harufu ya rangi. Kisha nikafuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikaandika AIKAELI, herufi kubwa kuizunguka keni yote. Wale walioandikwa kabla yake wakarudi kwenye foleni na keni zao, wakitaka nifute nianze upya.